Utepe wa Mita Moja na Nusu

Nilipewa utepe wa fundi cherehani,
nikaambiwa: Nyaketcho, ulikuwa karani wa mizigo,
kapime, uandike, ugomvi uishe.

Ugomvi aliuleta Wandera kutoka Busia
ndani ya gazeti la kigeni lililofungiwa viatu.
Picha: bustani ya Ulaya, treni za kuchezea mia na ushei,
milima ya saruji, watu wa kimo cha njiti
wanasubiri kwenye stesheni zenye maua.
Hii ndiyo kubwa kuliko zote za uwanjani, lilisema.
Ukurasa wa pili, nyingine, ng'ambo nyingine,
nayo ndiyo kubwa kuliko zote.
Moja imehesabu urefu wa reli.
Moja imehesabu madaraja.

Nikacheka peke yangu.
Miaka kumi na tisa mizanini niliwaona hao:
mwenye pamba hutaka alipie uzito,
mwenye vyuma hutaka alipie nafasi.
Mwamba ngoma huivutia kwake,
kumbe na mwamba reli.

Basi nikaanza kwa Oketcho, nyuma ya kota, hapa Tororo.
Reli ni nyaya za uzio zilizonyooshwa kwa nyundo,
mabehewa ni mikebe ya samaki,
mota ameing'oa kwenye redio kaseti ya marehemu kaka yake
(ikipata joto inanuka vilevile, anasema, kama nyumba yao).
Nilipima nimepiga magoti, utepe baada ya utepe.
Mita sitini na nne.
Mbili zimo ndani ya kichuguu; mchwa hawakutaka kubishana.
Nikamuuliza: mlima uko wapi? Ulaya wana milima.
Akaonyesha kwa kidevu
ule mwamba wa Tororo, mzimamzima,
umekaa nyuma ya choo chake.
"Andika," akasema.
Sikuandika. Lakini kalamu ilisita.

Kesho yake, Mbale, kwa Namutosi.
Kwake ni mteremko, reli inajipenyeza kati ya mibuni,
madaraja kumi na moja ya njiti za miavuli,
na treni haina mota, haina betri, ina mlima tu:
inaachiwa juu, inashuka inalia kama panya,
kisha mjukuu anaipandisha kwa kikapu.
Mita tisini na moja kushuka.
Na safari ya kikapu, je?
"Hiyo nayo ni njia," Namutosi alisema,
"abiria hawajalalamika."

Oketcho aliposikia tisini na moja alitema mate.
Ya kwake inakwenda na kurudi, ya yule inakwenda tu.
Ya kwake ni duara, na duara, karani, mwisho wake uko wapi?
Zidisha kwa mizunguko! Zidisha kwa miaka!
Nilifungua daftari, nikalifunga.

Ndipo nikaiona.
Pembeni mwa njia, kibanda cha ubao wa sanduku la chai,
dirisha moja, rangi ileile ya kijivu,
na ndani mtu wa mti, kitambaa kichwani,
kijiti cha kalamu nyuma ya sikio.
Mezani kwake mzani wa kizibo cha soda.
Nikaweka utepe: sentimita tatu na nusu.
Oketcho alikuwa amenipa mgongo, anakaza nati iliyokwisha kukazwa.
Yeye alikuwa zamu ya swichi, mimi zamu ya mizani,
siku tuliyopakia mzigo wa mwisho na kuambiwa tungoje barua.
Hatukuwahi kuzungumzia barua.

Mvua ya Tororo haibishi hodi.
Alikimbia kufunika injini kwa karai.
Mimi nilibaki nimechutama,
nimekinga kibanda kwa viganja viwili,
maji yanapita kati ya vidole,
utepe unaelea kuelekea kwenye mfereji,
na simu mfukoni inatetemeka, inatetemeka:
Wandera anataka nambari.